Mkaja, mafuta ya nazi na michirizi ya tumbo

Katika mahari ya Waswahili wa mwambao kuna kitu kinachoitwa mkaja. Asili yake ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua; binti yake anapokuja kuolewa, jina hilohilo hurudi kama haki ya mama, anayopewa kwa ajili ya tumbo lililombeba bibi harusi. Baba ana kilemba chake, mama ana mkaja wake. Jamii iliyolipa tumbo la uzazi heshima hiyo mbele ya wakwe haikuliona kuwa kitu kilichoharibika. Nalitanguliza hili kwa sababu mazungumzo ya leo juu ya mafuta ya asili na michirizi huanzia kwenye aibu, kisha hutafuta chupa ya kuifuta. Kupaka mafuta ni mila yenye thamani kubwa, lakini thamani yake haiko katika kufuta michirizi, na anayeisifia hilo anaipunja.

Tuitazame ilivyo. Mzazi hutunzwa siku arobaini. Mkandaji humkanda kwa maji ya moto, humsinga mwili kwa mafuta ya nazi, kisha humfunga tumbo. Jikoni kuna uji wa pilipili manga. Mafuta yenyewe, kabla ya kuzoeleka ya dukani, yalikuwa kazi ya wanawake wa nyumba: nazi hukunwa kwa mbuzi, tui hukamuliwa kwa kifumbu, kisha huchemshwa taratibu mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge na mashapo. Nazi nyingi hutoa mafuta machache, kwa hiyo kila chupa ilikuwa na jasho la ndugu na jirani ndani yake. Mwali naye, kabla ya ndoa, somo wake humsugua singo na kumpaka liwa. Kote kuwili mwanamke hajipaki peke yake mbele ya kioo. Hupakwa na mwenziwe, kwa siku zinazojulikana, huku amepumzishwa kazi. Mkono huo unaopita mwilini kila siku ndio unaogundua homa, mguu uliovimba, au ukimya wa mzazi aliyezongwa na huzuni.

Sayansi haikuyatupa mafuta haya, imeyawekea mpaka. Michirizi hutokea katika tabaka la ndani la ngozi, pale nyuzi za kolajeni na elastini zinapokatika kwa kuvutwa, na mafuta ya kupaka hufanya kazi yake juu. Mwaka 2012 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 6 yenye wanawake 800, yasipate ushahidi madhubuti kwamba vitu vya kupaka huzuia michirizi ya ujauzito. Siagi ya kakao, inayosifiwa kuliko vyote, ilijaribiwa Lebanoni na Jamaika, nako haikuizuia. Urithi, umri mdogo wa mama na uzito unaoongezeka sana vina nguvu zaidi. Lakini mafuta ya nazi, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, husaidia ngozi isipoteze maji na huondoa ukavu, na kwa mjamzito anayejikuna usiku kucha hiyo si faida ndogo. (Muwasho mkali wa viganja na nyayo ni habari nyingine, huo upelekwe kliniki.)

Wapo watakaosema kwamba mabibi walipaka na matumbo yao yakarudi. Ni kweli yalirudi. Tumbo hunywea lenyewe wiki kwa wiki, na michirizi, inayoanza ikiwa myekundu au, kwenye ngozi nyeusi, ikiwa imekoza rangi, hufifia kadiri miezi inavyopita, kwa aliyepaka na asiyepaka. Pingamizi zito zaidi ni hili: kama mafuta hayaondoi alama, ya nini kung'ang'ania mila? Nauliza, nani alisema alama ndiyo ilikuwa shabaha? Tukiyabebesha mafuta ahadi yasiyoiweza, mwanamke atakayeiona michirizi yake bado ipo atahamia kwenye mkorogo wa kujichubua. Humo mara nyingi mna steroidi kali, ambazo hukondesha ngozi na kuleta michirizi mipya. Limau nalo, ambalo wengi huliita dawa ya asili, likikutana na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha madoa.

Kovu la jeraha, ambalo nalo hupakwa mafuta, lina sheria yake. Tangu jaribio la mtafiti George Winter la mwaka 1962 inajulikana kwamba kidonda kilichotunzwa kikiwa na unyevu huota ngozi mpya upesi kuliko kilichoachwa kikauke, ila unyevu huo lazima uwe safi, na mafuta ya jikoni hayana dhamana hiyo. Jeraha likishafunga, kupaka na kukanda polepole hulainisha ngozi inayovuta. Kovu linalovimba na kupita mipaka ya jeraha, ambalo watu wenye ngozi nyeusi hulipata zaidi, halitibiwi kwa nazi. Linataka sindano ya daktari au vibandiko vya silikoni. Na kwa mzazi aliyepasuliwa, maji ya moto na mkando wa tumbo ni hatari. Hapa mila inapaswa kujirekebisha, na inaweza bila kuvunjika: mkandaji auache mshono, abaki na mgongo, mabega, miguu na mikono ya mzazi, kwa mafuta yaleyale na siku zilezile arobaini.