Kamera za Kioo na Hatima Yake: Hesabu ya Biashara Katika Kisiwa cha Mafia

Mgeni ashukaye Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, wakati papa potwe wanapokaribia pwani kufuata uduvi, aghalabu huja na haja mbili: kumwona samaki yule aliye mkubwa kuliko samaki wote duniani, na kurudi kwao na picha yake. Kwa njia hiyo picha imeingia katika tijara ya Kisiwa cha Mafia pamoja na nazi na pweza. Na madhali picha ni bidhaa, kamera inayoizaa ni rasilmali, na mwenye rasilmali hana budi kuuliza hatima yake. Kwa hiyo suala linalowashughulisha watengenezaji wa Japani, la kama kamera zisizo na kioo zitaziondoa kabisa kamera za kioo ziitwazo DSLR, linamhusu pia mpiga picha wa Kilindoni na mzamiaji wa kijiji cha Utende.

Tofauti ya aina hizi mbili ni kioo kimoja kidogo. Katika DSLR, nuru iingiayo kwa lenzi hupiga kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, ikapanda kwenye prizima na kufika jichoni mwa mpigaji. Naye akibonyeza kitufe, kioo huinuka kwa mlio, pazia likafunguka, na nuru ikaangukia kihisi. Umbo hili lilirithiwa kutoka kamera za filamu, hasa tangu Nikon F ya 1959. Kamera isiyo na kioo huiacha nuru ikifikie kihisi wakati wote, na anachokiona mpigaji ni picha iliyokwisha kutengenezwa na mashine na kuonyeshwa katika skrini ndogo. Kwa kuondolewa kioo, nafasi kubwa hupatikana: katika DSLR za Nikon, mahali pa kufungia lenzi pako milimita 46.5 mbele ya kihisi, ilhali katika zile mpya za kampuni hiyohiyo ni milimita 16 tu, hata muundaji wa lenzi akapata wasaa ambao watangulizi wake hawakuwa nao.

Soko limekwisha kutoa hukumu yake, na hukumu hiyo imo katika hesabu za CIPA, jumuiya ya watengenezaji wa kamera wa Japani. Mwaka 2010 kamera za dijitali za kila aina zilizopelekwa madukani zilifika milioni 121, kabla simu za mkononi hazijazimeza zile ndogo. DSLR zenyewe zilifika kileleni mwaka 2012, zilipozidi milioni 16. Panasonic ilikuwa imekwisha kutoa Lumix G1 isiyo na kioo mwaka 2008, Sony ikafuata na A7 mwaka 2013, lakini Canon na Nikon, walioshika sehemu kubwa ya soko, hawakuingia kwa nguvu zote mpaka 2018. Miaka miwili tu baadaye, 2020, kamera zisizo na kioo zilizipita DSLR kwa idadi, na mwaka 2024 DSLR zilishuka chini ya milioni moja, ilhali wapinzani wao walizidi milioni tano na nusu. Mwishoni mwa 2021 mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, alitamka kwamba EOS-1D X Mark III ya 2020 ndiyo ya mwisho katika daraja lake. Pentax peke yake ndiyo iliyoshikilia kioo kama imani.

Tukirejea Mafia, yafaa tutenganishe kazi ya majini na kazi ya nchi kavu, kwa kuwa hazina hesabu moja. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995 na yenye eneo la kilomita za mraba 822, huwavuta wazamiaji katika Ghuba ya Chole na mlango wa Kinasi. Mzamiaji aliyevaa barakoa huona taabu kulisogeza jicho mpaka kwenye kitundu cha kutazamia cha DSLR, na akitumia skrini ya nyuma, DSLR nyingi huwa nzito kulenga, na samaki hamngojei. Kamera isiyo na kioo hulenga vilevile kwa skrini kama kwa kitundu. Fauka ya hayo, kasha la kuzuia maji huundwa kwa kamera ya namna moja tu, na aghalabu lina bei kubwa kuliko kamera yenyewe. Kwa hiyo anunuaye kasha leo kwa ajili ya DSLR anafunga fedha nyingi katika chombo kisicho na mrithi. Majini, basi, kioo kimeshindwa.

Nchi kavu mambo ni mengine. Mpiga picha wa mji mdogo hula kwa picha za pasipoti, za mahafali na za harusi, na mteja wake hatazami kama nuru ilipita kiooni au haikupita. DSLR iliyotumika imeshuka bei kwa sababu matajiri wa mbali wanaiacha, na lenzi zake nzuri zimeshuka nayo. Hiyo ni neema kwa mwenye mtaji mdogo. Kuna na betri: kwa kipimo cha CIPA, Nikon D850 yenye kioo hupiga picha 1,840 kwa chaji moja, ilhali Nikon Z7 ya mwanzo hupiga 330, na katika kisiwa ambacho umeme wake kwa miaka mingi umetoka kwenye mashine za dizeli, tofauti hiyo si ndogo. Kwa upande wa pili, kamera isiyo na kioo yaweza kupiga bila mlio wowote, na hiyo ni adabu kubwa wakati wa khutba ya nikahi. Na hewa ya chumvi haina huruma: kioo na chemchemi zake ni viungo vinavyochakaa, na kadiri viwanda vinavyoacha kuviunda, ndivyo fundi wa Dar es Salaam atakavyolazimika kuchinja kamera moja ili aiponye nyingine.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na katika biashara hii wengi wameingia deni kwa ajili ya unyemi huo. Lakini thamani ya picha haitokani na upya wa kamera: watafiti wanaowatambua papa potwe wa Mafia mmoja mmoja, kwa madoa yaliyo nyuma ya matamvua, wanahitaji picha iliyo wazi ya ubavu, wala hawaulizi imetoka katika kamera gani.

Rai yangu ni hii. DSLR inakufa kiwandani lakini haijafa kazini, na itaendelea kulisha watu wa mwambao huu kwa miaka mingi. Mwenye nayo iliyo nzima aitumie mpaka iishe, akitenga akiba katika kila harusi. Anayeanza leo akiwa na uwezo, na kila mzamiaji, anunue isiyo na kioo, kwa kuwa ndiko ziliko lenzi mpya na vipuri vya kesho. Na awe wa majini au wa nchi kavu, asinunue kamera kwa deni asiloweza kulilipa katika msimu mmoja wa kazi.