MEZA YA MICHEZO YA VIDEO: WAPI PA KUBANA FEDHA NA WAPI PASIPOBANWA

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo uitwao Space Invaders, uliobuniwa na mhandisi Tomohiro Nishikado. Viumbe wa angani hushuka safu kwa safu, na mchezaji huwazuia kwa bunduki moja iliyo chini ya skrini. Haukupita muda mrefu, mikahawa mingi ya Japani ikaweka meza zenye skrini iliyolazwa chini ya kioo. Mteja aliweka kikombe chake cha kahawa juu ya kioo, akatumbukiza sarafu ya yeni 100, akacheza. Wawili waliketi wakitazamana, na zamu ilipobadilika picha iligeuka imwelekee mwenziwe.

Siku hizi meza zile za asili hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, na bei yake si ya mtu wa kipato kidogo. Hata hivyo twapenda wasomaji wetu wafahamu kwamba meza ya namna hiyo yaweza kutengenezwa nyumbani na mtu mwenye subira.

Moyo wa meza ni kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012, nayo ikauzwa dola 35 za Marekani. Ukubwa wake ni kama wa kadi ya benki. Ndani yake hutiwa programu ya MAME, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Mtaliano Nicola Salmoria, ambayo huifanya kompyuta ya leo itende kazi kama mashine ya zamani. Programu hiyo ni ya bure. Lakini michezo mingi ingali mali ya kampuni zilizoitunga, na haifai kuitumia bila idhini.

Katika skrini ndimo sisi tulimokaribia kupotea. Tulipewa bure televisheni kuukuu ya tyubu, tukafurahi kwamba tumeokoa fedha. Tulikuwa tumekwisha kushika bisibisi tuifungue, fundi mmoja wa redio akatuzuia. Alitueleza kwamba tyubu ya namna ile yaweza kuhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa kwenye umeme. Tuliiacha palepale, tukanunua skrini bapa iliyokwisha kutumika ofisini. Ni nyepesi, na hakuna haja ya kuifungua.

Skrini ipimwe kwanza, ndipo mbao zikatwe. Anayetanguliza msumeno hujikuta na tundu lisilolingana na kitu. Meza kuukuu yenye miguu imara hutosha, au plaiwudi ya milimita 18. Kila upande huwekwa kishikio kimoja na vitufe viwili. Vitufe vingi vya Kijapani huhitaji tundu la milimita 30, na vingine 28, kwa hiyo vipimwe kabla ya kushika kekee. Matundu ya kupitisha hewa yasisahauliwe, kwani joto hudhuru vyombo.

Kioo cha dirisha hakifai kabisa. Wachezaji huegemea viwiko juu yake, na kikivunjika hutoa vipande virefu vikali. Kitakiwacho ni kioo kilichoimarishwa kwa moto, nacho kiagizwe kikiwa na kipimo kamili, maana kikishaimarishwa hakikatiki tena. Kadhalika kifaa cha kuipatia kompyuta umeme kiwe kile kilichopendekezwa na watengenezaji wake.

Mbao, miguu, rangi na skrini vyaweza kuwa vya kuokoteza. Kioo na umeme havibanwi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Na katika meza hii, rahisi yaweza kuvunja zaidi ya upishi.