Ndimu na Limau: Neno Moja, Safari Mbili

Mpishi wa delta ya Rufiji hahitaji kamusi ili kutofautisha ndimu na limau. Ndimu ni tunda dogo la mviringo, lenye ganda jembamba, linalokamuliwa juu ya samaki na kamba. Limau ni kubwa zaidi, lenye ganda nene na ncha iliyochongoka. Hata hivyo, kwa asili majina haya ni neno moja lililofika pwani yetu kwa njia mbili.

Mazoea ya kuyahesabu yote mawili kuwa ya Kiarabu hayaniridhishi. Waarabu husema laimun, nasi tunajua Kiswahili hulifanyaje neno la namna hiyo: sabun limetupa sabuni, zaitun limetupa zeituni. Tungetarajia *laimuni. Limau lafanana zaidi na limão la Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498 (nao walilipata kwa Waarabu!), ilhali ndimu lakaribiana na limu la Kiajemi, ambalo kwa Kigujarati ni limbu.

Je, nd yatoka wapi? Wingi wa ulimi ni ndimi. -Refu huzaa nyumba ndefu. Nazali ya ngeli ya 9/10 ikikutana na l au r, hutokea nd. Hivyo limu likawa ndimu. Sasa linganisha lugha, laana na rangi: yamo katika ngeli iyo hiyo, lakini hatusemi *ndugha wala *ndangi. Kwa maoni yangu, hii ni dalili kwamba ndimu ni mkopo wa kale kuliko hayo, uliopokewa wakati kanuni hiyo ingali ikitawala hata nomino ngeni. Wasemaji wenyewe wameisahau l yake: mti huitwa mndimu au mdimu, kamwe si *mlimu.

Wilayani Kibiti swali hili lina uzito wa pekee. Majahazi yaliyopeleka boriti za mikoko ya delta hadi Ghuba ya Uajemi yaliiunganisha sehemu hii na nchi za limu; na kando ya Kiswahili cha huko kipo Kindengereko, kilichochambuliwa na Eva-Marie Ström mwaka 2013, ambacho kinazidi kukipisha Kiswahili. Mwanafunzi aendaye huko na awaulize wazee jina la tunda, la wingi wake na la mti wake. Jina la mti hasa ndilo litakaloonyesha kama Wandengereko walilipokea neno likiwa bado na l, au likiwa tayari na nd.