Kuchagua Programu ya Bure ya Kuhariri Video

Tuseme wewe, mkazi wa Dutwa, umechukua video ya harusi ya binti yako, nawe wataka kuikata na kuiunga kwa kompyuta. Programu za bure ni nyingi, lakini hazilingani. Shotcut, OpenShot na Kdenlive hazidai malipo, wala hazibandiki chapa yao juu ya picha. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure, ila huhitaji kompyuta yenye nguvu. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 yafaa kwa Shotcut. Kwanza jaribu kipande cha dakika moja, ukihifadhi, kisha ukitazame. Programu nyingine huonyesha chapa mwishoni. Na video ya asili usiifute kamwe: harusi hairudiwi.