Geti linalokumbuka na kengele inayosahau: nyuzi za programu kutoka Windows hadi Linux

Tarakea iko mwisho kabisa wa Rombo. Ukivuka mpaka tu uko Kenya, upande wa Loitokitok. Kuna duka la mbegu na vyakula vya mifugo pale ambalo niliwaandikia programu ya kutoa risiti. Ilifanya kazi miezi mingi kwenye kompyuta ya Windows bila shida. Kompyuta ile ilipokufa tukaweka Linux kwenye nyingine kuukuu, nami nikaihamisha programu kwa wikiendi moja, nikajiona fundi.

Wiki chache baadaye dada wa kaunta akanipigia. "Kaka, hii programu yako itanifukuzisha kazi." Jioni kadhaa, hesabu ilikuwa inakataa kwa risiti moja. Mfuko wa pumba umetoka stoo, risiti yake haipo. Yeye anasema alibonyeza, haikutoka. Mwenye duka akijaribu mwenyewe asubuhi, inatoka vizuri, kwa hiyo akaanza kuamini kwamba binti anauza pembeni. Halafu dada akaongeza kitu ambacho nusura nikipuuze: mchana, mara mojamoja, mteja mmoja anatolewa risiti mbili, na moja si yake.

Kosa lilikuwa langu. Twende polepole.

Programu inaweza kufanya kazi kadhaa kwa pamoja, na kila mfululizo wa kazi tunauita uzi. Programu ya duka ilikuwa na nyuzi mbili. Uzi wa mauzo unapokea anachobonyeza dada, unaiweka risiti kwenye orodha, unatoa taarifa, kisha unamhudumia mteja anayefuata. Uzi wa kuchapa umelala. Ukipata taarifa unaamka, unachapa kila kilichomo kwenye orodha, unalala tena. Mashine ya risiti ni nzito, ndiyo maana hatutaki mauzo yaisubiri.

Swali ni moja tu: taarifa inatolewaje?

Windows, tangu NT ya mwaka 1993, inakupa kitu kinachoitwa tukio. Jina linapotosha kidogo, kwa sababu tukio hupita, ila hiki hakipiti. Kifikirie kama geti la barabarani. Unalitengeneza kwa CreateEvent, unalifungua kwa SetEvent, na uzi unaosubiri unasimama mbele yake kwa WaitForSingleObject. Kuna geti la aina mbili. Moja likifunguliwa hubaki wazi, wote wanapita, mpaka mtu alifunge kwa ResetEvent. Lingine hujifunga lenyewe: uzi mmoja ukishapita, mti unashuka. Mimi nilitumia hili la pili.

Sasa shika hapa. Geti likifunguliwa wakati hakuna gari, linabaki wazi. Gari likija dakika kumi baadaye, linapita bila kusimama. Yaani geti linakumbuka kwamba lilifunguliwa.

Kwenye Linux na mifumo mingine inayofuata kanuni za nyuzi za POSIX za mwaka 1995, geti hili halimo. Unapewa kufuli, na unapewa pthread_cond_t, ambacho mimi nakiita kengele. Kengele ni kama konda anayegonga bodi ya hiace stendi: aliyekaa kwenye gari anasikia. Aliyekwenda kununua ndizi akirudi hakuti ule mlio ukimngoja hewani. Kengele ikipigwa wakati hakuna uzi uliolala ukiisubiri, imepotea, na hakuna atakayejulishwa.

Nikiwa na haraka zangu, nilitoa geti nikaweka kengele, moja kwa moja. Basi angalia jioni, watu wanapogombania gari la mwisho. Mteja wa kwanza anauziwa, uzi wa kuchapa unaamka na kuanza kuchapa. Kabla haujamaliza, mteja wa pili anauziwa, kengele inapigwa. Nani anasikia? Hakuna, mchapaji yuko kazini. Akimaliza alichokichukua analala, na risiti ya pili imebaki kwenye orodha. Mchana itatoka pamoja na ya mteja anayefuata, ndiyo zile risiti mbili. Jioni hakuna anayefuata. Duka linafungwa, kompyuta inazimwa, orodha inafutika.

Dawa yake ni kujijengea geti mwenyewe. Unaweka alama ya kukumbuka, unailinda kwa kufuli, na kengele inabaki kuwa ya kuamshia tu. Upande wa anayesubiri, kwa mtindo wa Python ili isomeke:

with kufuli:
    while not wazi:
        kengele.wait()
    wazi = False

Anayefungua anashika kufuli, anaandika wazi = True, anapiga kengele. Mstari wa while wanafunzi wengi huugeuza kuwa if, na huo ni mtego. POSIX inaruhusu uzi uamke hata kama hakuna aliyepiga kengele, na pia uzi mwingine unaweza kukutangulia kupita getini. Ukiamka, angalia tena. Kufuli nalo si pambo: kulala na kuachia kufuli hufanyika kwa pamoja, hivyo hakuna upenyo wa kengele kupigwa katikati ya "nimeangalia" na "nimelala".

Angalizo: geti halihesabu. Ukilifungua mara tano kabla ya mtu kupita, anapita mmoja. Kwa hiyo anayeamka lazima amalize orodha yote, asichukue risiti moja akalala.

Kama unaandika kwa Python, threading.Event ni geti lenye kumbukumbu, ila ni lile lisilojifunga, unalifunga mwenyewe kwa clear. Kazi ngumu zaidi ni kuiga WaitForMultipleObjects, ambako uzi mmoja unasubiri hadi mageti 64 kwa mpigo. Hilo liliwasumbua sana watu wa Wine, wanaoendesha programu za Windows juu ya Linux, mpaka kiini cha Linux toleo la 6.14, Machi 2025, kikapewa sehemu iitwayo ntsync inayoyaleta mageti hayo yenyewe.

Kosa kama hili halionekani ukijaribu risiti mojamoja. Mchelewesheni mchapaji kwa makusudi: weka usingizi wa sekunde tatu katikati ya uchapaji, kisha uza mara mbili haraka. Nilifanya hivyo pale kaunta, mwenye duka akitazama. Toleo la zamani: risiti moja, kimya. Toleo jipya: moja, kisha ya pili. Mzee akaomba nirudie la zamani. Nikarudia. Akamgeukia dada, akamwambia, "Mwanangu, nisamehe."