Theluji ya Mlima Kenya na Maji ya Garsen

Mto Tana ufikapo Garsen huwa umekwisha safari kubwa. Maji yake hutoka katika misitu ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Baadhi yake hupita mashamba ya mpunga ya Mwea. Kisha huingia katika mabwawa matano ya umeme, ndipo yakate nchi kavu ya Garissa, Bura na Hola. Baada ya mwendo wa yapata kilomita elfu moja humwagika baharini karibu na Kipini. Mvua ya Garsen yenyewe ni haba. Mpunga wa Mpokomo na malisho ya ng'ombe wa Muorma hutegemea mafuriko yaletwayo na mvua iliyonyesha mbali, katika nchi ambayo wengi wao hawajapata kuiona. Kwa hiyo shauri lo lote la kujenga juu ya mlima ule ni shauri la Garsen pia, ingawa wenye kushauriana hukaa mbali na Garsen.

Katika mashauri ya utalii liko moja lipendezalo sana masikioni, nalo ni la michezo ya theluji. Wazungu hufunga miguuni mbao mbili nyembamba na ndefu, wakateleza kutoka juu ya mlima hadi chini kwa kasi ya ajabu, na kwa furaha hiyo hulipa fedha nyingi. Wala si Ulaya peke yake. Huko Lesotho kiko kiwanja kiitwacho Afriski, juu ya mita 3,000, ambako watu huteleza katika miezi ya baridi ya Juni, Julai na Agosti. Moroko wanacho kiwanja cha Oukaïmeden, si mbali na Marrakesh. Kenya nayo imepata wachezaji wake. Philip Boit, mkimbiaji aliyepelekwa Finland kujifunza, alishindana Nagano, Japani, mwaka 1998. Alifika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimngoja mwishoni mwa njia ili ampe mkono. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, alishindana Pyeongchang, Korea ya Kusini.

Basi mtu akiuliza kwa nini Kenya, yenye mlima wa mita 5,199 na theluji kileleni, isijenge kiwanja chake, swali hilo si la kuchekwa. Mwaka 1849 mmisionari Krapf aliuona mlima huo kutoka Kitui, akaandika kwamba una theluji, na wataalamu wengine wa Ulaya wakamcheka, wakidai kuwa theluji haiwezi kukaa katika Ikweta. Krapf alikuwa amesema kweli. Lakini kuwako kwa theluji ni jambo moja, na kufaa kwake kwa biashara ni jambo jingine. Hapo ndipo panapohitajika kazi ambayo wataalamu huiita upembuzi yakinifu, yaani kuupima mradi wote kabla ya kuchimba msingi.

Katika nchi za Alps wapimaji wanayo kanuni inayojulikana sana. Kiwanja huhesabiwa kuwa cha kutegemewa kikipata theluji ya kina cha sentimita 30 kwa siku zisizopungua 100 katika majira ya baridi, na hali hiyo ionekane katika miaka 7 kati ya 10. Mwenye hoteli hawezi kuwalipa watumishi, kutengeneza mitambo na kurudisha deni la benki kwa wageni wa majuma mawili tu.

Mlima Kenya ukipimwa kwa kanuni hiyo haupiti. Kilele chake kiko yapata kilomita 17 tu kusini mwa Ikweta, na huko hakuna majira ya baridi yadumuyo miezi. Usiku maji huganda, asubuhi jua hupanda likawa karibu utosini, na theluji iliyoanguka jana jioni mara nyingi huyeyuka kabla ya saa sita. Theluji yaweza kuanguka mwezi wo wote, na kwa sababu hiyo hakuna mwezi ambao mgeni wa London au Nairobi aweza kuahidiwa kuikuta.

Ilibaki barafu ya kudumu, ile iliyojaa katika mabonde ya juu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Uliokuwa mkubwa kupita yote, uitwao Lewis, chini ya kilele cha Lenana, ulipimwa mwaka 1934 na tena mwaka 2010, ikaonekana kwamba katika muda huo ulikuwa umepoteza yapata asilimia 90 ya barafu yake. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kuwa barafu ya milima ya Afrika iliyo katika urithi wa dunia huenda ikatoweka yote kabla ya mwaka 2050. Benki ikopeshayo kwa miaka 20 haiwezi kukubali rehani inayoyeyuka.

Liko pia jambo la hewa. Katika mita 4,800, ambako barafu hiyo iko, hewa ni nusu na ushei tu ya ile ya Garsen. Mgeni aliyepanda kwa haraka huumwa kichwa, hutapika, na pengine mapafu yake hujaa maji akafa asiposhushwa upesi. Wapandaji wa miguu hujizoeza kwa kulala njiani. Mtu aliyekuja kucheza kwa siku mbili hana muda huo.

Wako watakaosema kwamba siku hizi theluji hutengenezwa kwa mitambo. Ni kweli, na Afriski hufanya hivyo. Mitambo hurusha matone madogo ya maji katika hewa baridi, yakaanguka yakiwa yameganda. Lakini Lesotho iko mbali na Ikweta, na baridi yake ya Juni hukaa. Hesabu ya maji nayo ni hii: kufunika hekta moja kwa theluji ya sentimita 30 huhitaji yapata lita milioni moja, ambazo ni ndoo 50,000 za lita 20. Kiwanja kidogo cha hekta 20 kitataka ndoo milioni moja kwa kufunikwa mara moja tu, na chini ya jua la Ikweta hakitafunikwa mara moja. Maji ya kuyeyuka hurudi mtoni, lakini hayarudi yote, wala hayarudi kwa wakati ule ule. Mkulima wa mpunga ajua tofauti ya maji yaliyokuja Mei na maji yaliyokuja Julai.

Hapa ni lazima kuondoa wasiwasi mmoja usio na msingi. Wengi wa sehemu za chini huamini kwamba barafu ikiisha, Mto Tana utakauka. Sivyo. Barafu ya mlimani hutoa sehemu ndogo mno ya maji ya Tana. Maji hasa hutoka katika mvua inayoangukia misitu, na katika nyanda zenye majani na matope zilizo juu ya misitu, ambazo hunywa maji kama sifongo na kuyaachia pole pole. Kwa hiyo hatari ya mradi wa mlimani si kuigusa barafu, bali ni barabara inayokata msitu, miti ya kuni, vyoo vinavyovuja katika vijito, na mabomba yanayochukua maji katika miezi ya kiangazi. Mtu anayeupima mradi kwa kutazama kilele tu ametazama mahali pasipo na jambo.

Utalii wa mlimani usio wa kuteleza uko tayari, na haukuhitaji theluji ya mitambo. Mlima Kenya ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1949 na kutiwa katika urithi wa dunia mwaka 1997. Watu hupanda kwa njia za Naro Moru, Sirimon na Chogoria, na wachukuzi, wapishi na viongozi wa njia hupata riziki. Ni njia hizo hizo za miguu zilizomfikisha Kisoi Munyao kwenye kilele cha Lenana, alikopandisha bendera ya Uhuru usiku wa Desemba 1963. Hata utalii huu waweza kuvurugwa na mradi usiopimwa kwa watu. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa inachunguza mradi wa kupandisha wageni Kilimanjaro kwa vigari vinavyoning'inia kwenye waya. Waliopanga walitazama wazee na watoto wasioweza kupanda kwa miguu, na idadi ya wageni ambayo ingeongezeka. Wachukuzi na viongozi waliuliza swali jingine: mgeni akipanda na kushuka siku moja, nani atambebea mzigo kwa siku sita? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika hesabu ya mradi ni lazima iandikwe ni mwenyeji yupi atakayepona.

Jimbo la Tana limelijua swali hilo kwa uchungu kabla ya Kilimanjaro. Kaskazini ya Garsen, katika misitu ya kando ya mto, wanaishi aina mbili za nyani wadogo, mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, wasiopatikana po pote pengine duniani. Mwaka 1976 msitu wao ulifanywa hifadhi, na katika miaka ya 1990 ukaletwa mradi mkubwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kwa karatasi ulikuwa mzuri: wanyama wa pekee, mto, msitu wa kivuli, na wageni watakaolipa. Lakini msitu huo ulikuwa na wenyewe. Wapokomo walikuwa wakilima humo tangu zamani, na shauri la kuwahamisha liliamsha upinzani mkubwa hata mradi ukavunjika. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi yenyewe haikuwekwa kwa kufuata sheria. Fedha zilitumika, miaka ikapita, na nyani hawakupata ulinzi ulioahidiwa. Waliohesabu mbega walihesabu vema, hawakuhesabu mashamba.

Wala mto wenyewe si mtiifu kwa karatasi. Mwaka 1989 Tana ulibadili njia yake, ukayaacha makavu mashamba ya umwagiliaji ya Hola. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 yaliharibu mashamba ya mpunga ya serikali katika delta, ambayo tuta lake lilijengwa kwa gharama kubwa. Mwenye kutaka kujenga hoteli kando ya mto huu na awaulize wazee maji yalifika wapi mwaka ule, kabla ya kumwuliza mchora ramani.

Hata hivyo delta ina uzuri ambao mgeni atausafiria: mto mpana, viboko na mamba, ndege wa maji kwa maelfu, na vilima vya mchanga vinavyoitazama bahari. Mwaka 2012 delta iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima. Barabara ya Garsen hadi Lamu, ambayo zamani ilikuwa matope, imetiwa lami. Kinyume chake, usalama umewahi kuvunjika. Mapigano ya wakulima na wafugaji ya mwaka 2012 yaliua watu zaidi ya mia, na mashambulio ya Mpeketoni, Hindi na Gamba mwaka 2014 yaliwafukuza wageni katika pwani yote. Hesabu ya hoteli inayodhani kwamba kila mwaka utakuwa mwema ni hesabu ya kupendeza macho. Na iandikwe humo miaka miwili ya vitanda vitupu, ndipo ionekane kama mradi bado unasimama.

Mwaka 2013, katika kesi iliyoletwa na watu wa delta, Mahakama Kuu iliamuru utengenezwe mpango wa matumizi ya ardhi na maji ya delta kwa kuwashirikisha wakaaji wake, na mpango huo ukakamilika baadaye. Ni kazi isiyo na mvuto wa hoteli, maana ni ya mikutano mingi ya vijijini na ramani za njia za ng'ombe kwenda mtoni. Lakini ni msingi ambao hifadhi ya nyani haikupata. Mradi wa utalii ukiletwa leo, swali la kwanza ni kama unakaa ndani ya mpango huo au unaurukia.

Sheria nayo imefungua mlango. Kwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, mradi mkubwa hauna budi kufanyiwa uchunguzi wa madhara yake kabla ya kupewa kibali, na raia hupewa nafasi ya kutoa maoni. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, jamii iliyoandikisha ardhi yake ndiyo inayotoa ruhusa. Mlango huu ni wa watu wa Garsen kwa mradi wa delta, na pia kwa mradi wa mlimani, maana anayekunywa mwishoni mwa mto ana haki ya kusema juu ya kinachochotwa mwanzoni.

Taarifa za namna hii huwa za Kiingereza na kurasa nyingi, hata mtu akachoka kabla ya kufika katikati. Makarani na walimu wa Garsen waweza kuwafaa wenzao kwa kuziomba mapema, kabla ya siku ya baraza, na kuwasomea kwa Kiswahili. Wasianze na picha za hoteli zilizoko mwanzoni. Waanze na sehemu ya maji: yatachukuliwa wapi, kiasi gani, katika mwezi gani, nani atakayeyapima, na mtu wa chini atampelekea nani habari kipimo kikizidi.