Nyongeza za Michezo ya Kompyuta: Tahadhari Kabla ya Kupakua

Mwezi Juni 2023, wachezaji wa Minecraft katika mataifa mbalimbali walibaini kuwa baadhi ya nyongeza walizopakua ili kunogesha mchezo huo zilibeba programu haribifu iliyopewa jina la Fractureiser. Tukio hilo ni funzo kwa kila kaya ambamo kompyuta moja hutumiwa na mtoto kwa michezo na mzazi kwa shughuli za benki au za ofisi.

Nyongeza, ambayo wachezaji huiita modi, ni faili linalotengenezwa na mtu asiye mmiliki wa mchezo ili kubadili mandhari, kuongeza wahusika au kurahisisha hatua. Nyingi hutengenezwa kwa nia njema na hutolewa bure. Hata hivyo, tofauti na picha au wimbo, nyongeza nyingi ni programu kamili. Mtumiaji anapoifungua, mara nyingi huipa uwezo ule ule alionao mwenyewe: kusoma nyaraka zake na kutuma taarifa kupitia intaneti.

Fractureiser ilipitia mwanya huo. Wahalifu walidukua akaunti kadhaa kwenye CurseForge na Bukkit, maghala ya mtandaoni yanayoaminiwa na wachezaji, wakapachika programu yao ndani ya nyongeza zilizokwisha kupendwa. Programu hiyo iliweza kuambukiza mafaili mengine ya Java ndani ya kompyuta na kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Aidha, iliweza kubadili anwani ya sarafu ya kidijitali iliyonakiliwa, ili malipo yaende kwa mwizi.

Halikuwa tukio la kwanza. Mei 2015, nyongeza mbili za Grand Theft Auto V, Angry Planes na NoClip, zilibainika kuficha programu inayorekodi vitufe vinavyobonyezwa. Mchezaji aliona ndege zikimshambulia kwenye kioo, kumbe anayeshambuliwa kweli ni yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, umaarufu wa nyongeza pekee si uthibitisho wa usalama wake. Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Mtoto afunguliwe akaunti yake kwenye kompyuta, isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu.
- Nyongeza inayomtaka mtumiaji azime programu ya kukinga virusi isipakuliwe.
- Nyongeza mpya isubiriwe kwa siku kadhaa, na maoni ya watumiaji wengine yasomwe kwanza.
- Nywila za benki na barua pepe zisihifadhiwe kwenye kivinjari cha kompyuta ya michezo, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe.

Iwapo kuna shaka kwamba kompyuta imeambukizwa, iondolewe kwenye intaneti mara moja. Nywila zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine, kwa kuwa kuzibadilisha kwenye kompyuta ile ile ni kumkabidhi mwizi nywila mpya. Akaunti zote zifungwe kwenye vifaa vyote, na benki ijulishwe.

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa ni kosa. Aliyeathirika atunze ushahidi na kutoa taarifa Polisi.

Wazazi nao wanakumbushwa kuzungumza na watoto bila vitisho. Mtoto anayeogopa adhabu huficha kosa, na kila saa inayopita humpa mwizi nafasi zaidi.